Baridi Haiandiki Mlangoni

Ulimwona. Usiseme hukumwona. Ulikuwa pale uwanja wa ndege wa Eldoret, umeinua simu ukingoja kupiga picha ya mtu mwingine. Nasambu Wabuge alitokeza mlangoni akisukuma masanduku mawili yaliyofura, mwezi wa nne, mvua ndiyo kwanza imeanza na chuo chake huko Marekani hakijafunga. Macho yako yalimgusa yakatoroka. Ulijua. Hakuna mtu anayekuja likizo na blanketi lake, sufuria yake na vitabu vyake vyote. Lakini ulicheza kwenye harambee yake ya kwenda chuo, ukala pilau, ukapiga picha naye amevikwa maua shingoni, na hukutaka mtu akuharibie ile picha. Ukageuza shingo, ukaimba na wenzako.

Basi keti. Leo utasikia.

Waliokuwa wakiimba walitoka Soy. Walikuwa wakimngoja Linah, mkimbiaji wao, aliyeshinda mbio Ulaya. Mbele yao alisimama kijana mmoja, Felix Kimaiyo, shati jeupe, koti la buluu linalombana mabegani, mkononi kibuyu cha mursik kilichopambwa kwa shanga. Huku Uasin Gishu mshindi harudi kwao bila kunyweshwa mursik, maziwa lala ya kibuyu, yale yenye rangi ya majivu na harufu ya moshi. Felix hakuwahi kumwona Linah uso kwa uso. Aliambiwa tu: msichana mrefu, mwembamba, trakisuti.

Na ni nani aliyetangulia kutoka? Msichana mrefu, mwembamba, trakisuti ya kijivu.

Kabla Nasambu hajafungua mdomo kusalimia, alifunguliwa.

"Karibu nyumbani, shujaa wetu! Kunywa!"

Maziwa yakaingia, mengine yakashuka kidevuni, yakamwagika kifuani juu ya jina la chuo. Vigelegele! Mtu akamtupia shada la majani shingoni. Nasambu akameza, maana tangu Nairobi hakuwa ametia kitu tumboni, akajifuta kwa mkono wa trakisuti.

"Tamu," akasema. "Lakini mimi si yeye."

"Si nani?"

"Sijui. Huyo mnamngoja."

Felix akamtazama juu mpaka chini. "Wewe si Linah?"

"Mimi ni Nasambu. Wa Langas."

Wimbo ukakatika kama redio iliyoishiwa betri.

"Nasambu," Felix alirudia polepole. "Yaani wewe ni Mluhya."

"Mbukusu. Na umenimwagia maziwa."

"Na hii trakisuti?"

"Ni ya chuo. Nasoma kemia."

"Kemia! Sasa hiyo miguu yote ya mita elfu kumi inafanya nini kwa kemia?"

Alitaka kukasirika. Miaka miwili, katika kile chuo cha wazungu kilichozungukwa na mahindi pande zote, aliulizwa swali hilo hilo moja: unakimbia mbio gani? Mhadhiri aliuliza. Mpishi aliuliza. Askari wa geti aliuliza. Msichana aliyelala naye chumba kimoja alimpokea na zawadi ya viatu vya kukimbilia. Mkenya, tena wa Eldoret! Hakuna aliyewazia kwamba aliingia pale kwa mlango wa akili. Sasa amevuka bahari, amekanyaga kwao, na mtu wa kwanza kumgusa anamtafuta mkimbiaji. Lakini huyu alikuwa anajicheka mwenyewe, na Nasambu akashangaa kusikia kicheko kinamtoka na yeye, kikali, kama kitu kilichokwama muda mrefu.

"Nirudishie maziwa yetu basi," Felix akasema.

"Fungua mdomo."

Akina mama wa Soy wakapasuka kwa kicheko. Hapo hapo Linah mwenyewe akatokea, mfupi, amevaa gauni na miwani, na umati wote ukamkimbilia. Felix akabaki na kibuyu kitupu.

"Nipe namba yako nikulipie dobi."

"Dobi ni mimi."

"Basi nitakupigia kila asubuhi nikupe pole mpaka hiyo doa itoke."

Akampa. Na mamake, Brigid, muuza mboga za sukuma wiki wa mtaa wa Langas, akatokea mbio akiwa na leso kiunoni na sweta la kanisani, akamkumbatia, akalia, akamshukuru Mungu. Mikono yake ilibeba masanduku. Macho yake hayakuyatazama hata mara moja.

Doa lilitoka. Simu hazikukoma.

"Halo, Mkemia."

"Halo, Mursik. Leo umemwagia nani?"

"Siku hizi nakunywa mwenyewe. Umeamka aje, roho yangu?"

"Roho yako? Tangu lini?"

"Tangu uliponiambia nifungue mdomo. Nimeshindwa kuufunga."

Felix alikuwa Mkalenjin asiyejua kukimbia, na hilo peke yake lilitosha kumfanya Nasambu ampende. "Mimi nikikimbia hata kuku inasimama kunishangaa," alimwambia. Kazi yake ilikuwa kuwarekodi vijana wakikimbia alfajiri kwenye barabara za vumbi, kisha kutuma zile video kwa makocha wa vyuo vya Marekani wapate nafasi za masomo. Bosi wake, Bwana Jackson, mtu wa Nairobi mwenye viatu vya kuchongoka, ndiye aliyezungumza na wazungu. Felix alizungumza na wazazi. Na mwezi wa nane zamu ingemfikia dada yake mwenyewe, Faith, mbio zake kama upepo, bado ana haya ya kuangalia watu machoni.

Walikutana Kimumu, karibu na chumba alichopanga Felix, kwenye hoteli ndogo ya mabati yenye chapati moto. Nasambu alivaa gauni la kitenge la kijani aliloshonewa na mamake na koti la jinzi juu yake. Nywele zimesukwa mistari inayokimbilia kisogoni. Felix alikuja na shati la pinki lililopigwa pasi mpaka likawa na makali.

"Umependeza mpaka chapati imeungua," akasema.

"Hiyo imeungua sababu mpishi anakuangalia wewe na hiyo pinki."

Mvua ikaanza kupiga mabati, kubwa, ya kuwafungia watu ndani. Wakasogeza viti. Na ni pale, katikati ya kelele ambayo ndani yake hakuna mtu wa tatu angesikia kitu, Nasambu alipomweleza.

Alimweleza jinsi mhadhiri alivyoona alama zake akamwita ofisini, akamfanyisha mtihani upya peke yake, mlango wazi, akimwangalia mikono. Alipopata alama za juu zaidi ya mwanzo, mhadhiri hakuomba msamaha. Alisema tu, "Inashangaza." Alimweleza habari ya meza yao ya nyuma katika bwalo, walipokaa wanafunzi weusi wote: Adoyo wa Kisumu, msichana wa Haiti, ndugu wawili wa Chicago. Ndiyo mahali pekee alipocheka kwa sauti yake ya Langas. Kuna mtu aliipiga picha meza ile akaisambaza, chini yake ameandika: mbuga ya wanyama, saa ya kulishwa. Alimweleza mlango. Asubuhi ya mtihani alifungua mlango wa chumba chake cha bweni, akakuta wameandika kwa wino mweusi mnene: rudi mtini. Wamechora na tumbili. Akauosha mwenyewe kwa sabuni ya vyombo, akaenda kufanya mtihani. Kesho yake wakaandika tena.

"Wanajulikana?" Felix aliuliza.

"Vijana wawili. Kamera iliwaona. Jina la baba ya mmoja limeandikwa juu ya maktaba."

"Na chuo kikasema aje?"

"Wanataka nitie sahihi kwamba ulikuwa mzaha. Nikikataa, mwezi wa nane nisimame mbele ya jopo niseme, na hao vijana wakinitazama." Akageuza kikombe chake kitupu. "Kusimama naweza, Felix. Lakini siwezi kusimama kule nikijua hata huku kwetu hakuna mtu anajua. Mama hajaniuliza kitu. Majirani wananiambia, 'Wewe uko na bahati.' Nataka watu wangu wajue kwanza. Hiyo tu."

Felix akamshika mkono, wote, mpaka kwenye kifundo. "Mimi niko na wewe."

"Usiseme hivyo kama ni mdomo tu."

"Nimesema." Kisha uso wake ukawaka. "Njoo Soy! Kuna mkutano wa wazazi kanisani. Waambie wewe mwenyewe. Wazee wengi hawasikii Kiswahili vizuri, nitakuwa nakutafsiria."

"Nitasema ukweli yote."

"Sema yote, mpenzi."

Akamwamini. Alitoka pale akiruka madimbwi kama mtoto.

Siku ya mkutano, kanisa la Soy lilinuka sweta mbichi na matope ya gambuti. Wanaume walikuja na kofia zao na fimbo, wanawake na vitambaa kichwani na watoto mgongoni. Mary, mamake Felix, aliketi benchi ya pili pamoja na Faith. Bwana Jackson aliketi mbele akipapasa simu, visikizi masikioni. Nasambu alisimama kwenye mimbari ndani ya gauni la buluu, Felix kando yake, kama mhubiri na mkalimani wake: sentensi kwa Kiswahili, sentensi kwa Kikalenjin. Maiki ilikuwa moja tu, mkononi mwa Felix, na kwa kelele za watoto hata wenye Kiswahili walisikia sauti yake peke yake.

"Nilipofika," Nasambu alianza, "darasa zima mtu mweusi nilikuwa mimi peke yangu."

Felix akatafsiri: "Anasema alipofika, darasa zima walimkaribisha."

Nasambu akadhani hakusikia vizuri. Akaendelea. "Mwalimu alifikiri nimeiba majibu. Akanifanyisha mtihani upya peke yangu."

"Anasema walimu wa kule wanamfuatilia mtoto mmoja mmoja."

Sauti ya Nasambu ikapanda. "Waliandika mlangoni mwangu kwamba nirudi mtini. Wakachora tumbili!"

Felix akageukia mabenchi. Akamtazama mamake. Akamtazama Faith. Akatazama viatu vya Bwana Jackson.

"Anasema kule kuna baridi kali," akatafsiri. "Watoto wasisahau kubeba sweta."

"Woi, baridi," akina mama wakasikitika kwa pamoja, na kanisa lote likampigia Nasambu makofi.

Sasa sikia kitu ambacho Felix hakukijua, kwa sababu hakuwahi kuuliza. Aliona Mbukusu wa Langas, akajua moja kwa moja kwamba huyu Kikalenjin hakijui. Ule mwaka mji huu ulipowaka moto baada ya uchaguzi, ule ambao wewe pia unajifanya umeusahau, Brigid na binti yake wa miaka mitano walifichwa Kimumu, nyumbani kwa rafiki yake wa sokoni, mama wa Kikalenjin. Mtoto aliambiwa: mtu akibisha, wewe ni wa humu, na unaongea kama wa humu. Akajifunza haraka. Ilikuwa lugha ya kumfanya asionekane, na tangu siku hizo haikumtoka.

Makofi yalipokuwa bado yanalia, alishuka akatoka nje. Felix akamfuata mbio mpaka kwenye tangi la maji, akitabasamu kama mtu aliyemaliza kazi nzuri.

"Umeona walivyokupenda?"

"Sweta, Felix?"

Alisema kwa Kikalenjin. Safi, na lafudhi ya Kimumu ndani yake. Tabasamu la Felix likaanguka pale pale kwenye matope.

"Wewe… wewe unasikia?"

"Kila neno. Tangu nikiwa mtoto."

"Nasambu, ngoja. Ngoja nikueleze. Faith anaenda mwezi wa nane. Mama akisikia habari ya tumbili, hamwachilii. Hiyo ndiyo nafasi yake."

"Kwa hivyo aende bila kujua. Siku akikuta mlango wake umeandikwa, afikiri ni yeye peke yake duniani. Kama mimi."

"Nilikuwa nakulinda na wewe pia. Watu wangekuongelea."

"Kule chuoni, mkuu anayesimamia wanafunzi aliniambia hivyo hivyo! Kwamba ananilinda! Nyinyi wote mnanilinda, na mimi ndiye ninabaki na kitambaa naosha mlango." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Nilikupa maneno yangu uyabebe hatua mbili tu. Hatua mbili, Felix! Baridi haiandiki mlangoni. Baridi haina mkono."

Akasimamisha bodaboda, akapanda, akaondoka bila kugeuka.

Felix akaanza kupiga. Hakupokelewa. Akaanza kutuma sauti.

"Mkemia, ni mimi. Leo nimejaribu kukimbia kutoka Kimumu mpaka Langas ndio ujue nina huzuni. Nimefika daraja la Sosiani nikapanda boda. Nisamehe hata kwa hiyo."

Nasambu alicheka, kisha akajikasirikia kwa kucheka, kisha akaisikiliza tena.

"Huyo si yule wa maziwa?" Brigid aliuliza. Alikuwa ameketi mlangoni akifunga sukuma mafungu mafungu, mgongo kwake.

"Alikuwa."

"Amekukosea?"

"Amenikosea vile kila mtu ananikosea, Mama. Hataki isikike."

Mikono ya Brigid ikasimama. "Masanduku niliyaona," akasema, bado amegeuka. "Kufika tu nikaona. Nikaogopa kuuliza. Ukiniambia nitafanya nini, mimi muuza sukuma?"

"Ungesikia tu."

"Babu yako Wanyama alikuwa mpishi kwa mzungu, huko mashambani, wakati mji huu wazee bado wanauita Sisibo, namba sitini na nne, namba ya shamba tu. Waliita yeye 'boi', na ako na ndevu na watoto nyumbani. Kwa klabu yao aliingilia mlango wa jikoni. Akirudi jioni tunamuuliza, 'Baba, leo ilikuwa aje?' Anasema, 'Ilikuwa sawa.'" Brigid akageuka, uso umelowa. "Nimelelewa na hiyo 'sawa', na ndiyo nimekulisha. Sasa niambie mama. Niambie yote, usiruke."

Akamwambia. Brigid hakusema vumilia. Hakusema Mungu anajua. Alisikiliza mpaka mwisho, sukuma ikinyauka miguuni pake, kisha akasema neno moja la Kibukusu ambalo haliandikiki hapa.

Jioni ile ujumbe mwingine ukaingia. Sauti ya Felix haikuwa na utani.

"Jumamosi ni harambee ya Faith, kwetu Soy. Njoo usimame nyuma. Usiseme chochote, hata usinisalimie. Sikiliza tu, kwa vile unasikia."

Walikwenda pamoja, mama na binti. Brigid alivaa gauni lake la zambarau la Pasaka na viatu vilivyombana. Nasambu alijifunga kitambaa kichwani mpaka kwenye nyusi. Hema jeupe, viti vya plastiki, kaseti za injili, vumbi la mbuzi na moshi wa nyama. Faith alikaa mbele ndani ya gauni jeupe, anaangalia mikono yake. Bwana Jackson akapanda jukwaani na maiki, Felix kando yake na maiki nyingine, shati lile lile la pinki, bila pasi.

"Ndugu wazazi!" Jackson alinguruma kwa Kiswahili. "Watoto wetu kule wanapokelewa kama wafalme!"

Felix akageukia umati, akasema kwa Kikalenjin: "Bosi anasema wanapokelewa kama wafalme. Sasa nisikilizeni mimi. Siku ile kanisani niliwadanganya. Yule msichana hakusema habari ya sweta."

Nyuma kabisa, Nasambu akamshika mamake mkono akaubana mpaka pete ikamchoma.

Jackson, ambaye hakujua hata neno moja la Kikalenjin, akatabasamu akaendelea. "Wanapewa vyumba vizuri! Mlangoni wameandikiwa majina yao!"

"Mlangoni mwake waliandika arudi mtini," Felix akasema. "Wakachora tumbili. Akaosha kwa sabuni ya vyombo, akaenda kufanya mtihani. Kesho yake wakaandika tena. Aliwaambia haya mbele yenu, kwa mdomo wake, na mimi nikayameza."

Mtu akazima kaseti. Mzee mmoja akavua kofia.

"Waambie walimu wanawapenda!" Jackson akahimiza.

"Mwalimu wake aliona amepita, akamwita mwizi. Msichana akarudia mtihani mbele yake, akapita zaidi."

Jackson akamwinamia sikioni. "Wamefurahi, ama?"

"Wamesikia," Felix akamjibu.

Kisha Mary akasimama, mfupi, mpana, mikono kiunoni. "Felix."

"Naam, Mama."

"Nililia baridi kanisani. Ulinifanya nilie baridi."

"Ndiyo, Mama."

"Huyo msichana yuko wapi?"

"Sijui kama amekuja. Nilimkosea."

Brigid akampa binti yake msukumo mgongoni, wa mtu aliyezoea kubeba magunia. "Enda! Leo hatusemi sawa."

Nasambu akavua kitambaa. "Niko hapa," akasema kwa Kikalenjin, na hema zima likageuka kwa viti kukwaruza. Wanawake wakashika midomo. "Mimi ndiye. Siku ile niliondoka, Mama. Leo siondoki."

"Unaongea kama sisi!" Mary akasema. "Basi niambie bila mtu katikati. Faith asiende?"

"Aende! Vile vyuo havikujengwa kwa ajili ya watoto wao peke yao. Lakini aende akijua, na nyinyi mkijua. Na akipiga simu, msimwambie avumilie."

Faith akainuka. Kwa mara ya kwanza siku ile aliinua macho. "Nitaenda, Mama. Lakini nikipiga simu nalia, mtu asiniambie nivae sweta!"

Kicheko kikalipuka, na ndani yake kilio, vikachanganyika. Nasambu akawaeleza habari ya jopo la mwezi wa nane. Mzee aliyevua kofia akauliza kama mtu aliye Soy anaweza kuonekana mbele ya hao watu. Anaweza, Nasambu akasema, kwa kompyuta. Kanuni zinamruhusu kuwa na wa kumsindikiza.

"Wangapi?"

"Hawakusema wangapi."

"Basi ni kosa lao," mzee akasema, na vigelegele vikapasua hema.

Bwana Jackson alikuwa ameacha kutabasamu. "Felix, wanasema nini hawa?"

"Wanasema watakuwepo, bosi."

"Wapi?"

"Marekani."

Felix alifutwa kazi pale pale, kabla nyama haijaiva. Alimkuta Nasambu nyuma ya hema, kwenye shamba la mahindi machanga, akasimama mbali kidogo, mikono mfukoni.

"Sina kazi," akasema.

"Nimesikia. Nasikia lugha nyingi."

"Sikuja kuomba unirudie. Nilikuwa nimekula maneno ya mtu. Nilikuwa nayarudisha."

"Felix Kimaiyo."

"Naam."

"Mbona shati haina pasi?"

"Stima ilipotea."

Akamwendea, akamnyoosha kola kwa vidole viwili, taratibu, upande huu na upande ule, na akaacha mkono wake shingoni mwake. Felix akafumba macho. "Sema kitu," akanong'ona. "Lugha yoyote."

"Ukinitafsiria vibaya tena, nitakuchanganyia kitu kwa maabara usijue kimekupata wapi."

"Hiyo nimeisikia vizuri sana, mpenzi."

Mwezi wa nane uwanja wa ndege ulijaa tena. Faith alikuwa na Mary upande mmoja. Nasambu alikuwa na sanduku moja tu, suti ya rangi ya kahawia, lipstiki aliyochagua Brigid. Felix, ambaye sasa alikuwa anafundisha katika shule moja ya msingi huko Soy, alimshika mkono hadi mahali ambapo askari humwambia asiyesafiri arudi.

"Nataka kukuuliza kitu," akasema, "na nimekifanyia mazoezi kwa Kibukusu, lakini mamako ameniambia nilichokisema kinamaanisha ng'ombe amelala."

Nasambu akacheka mpaka akashika ukuta. "Uliza kwa Kiswahili, Mursik."

"Utakubali nikuoe?"

Alimtazama yule mwanamume asiyejua kukimbia, aliyesimama mbele ya watu wake na kuyasema maneno yake yote mpaka la mwisho.

"Nikirudi Desemba, wazee wako waje Langas," akasema. "Waje wenyewe. Na waseme wenyewe." Akambusu mbele ya askari, mbele ya Mary, mbele ya Brigid aliyejifanya anatafuta kitu mkobani, akaingia.

Jopo linakaa Alhamisi. Kule itakuwa asubuhi, huku alasiri. Wale vijana wawili watakuwepo, na wakili, na jina la maktaba. Nasambu atasimama. Na kwenye skrini ukutani, nyuma ya migongo yao, kutakuwa na kanisa zima la Soy: kofia, fimbo, vitambaa, watoto mgongoni, na mwanamke mmoja wa Langas katika gauni la zambarau. Sijui wataamua nini. Hata yeye hajui. Lakini hatakuwa peke yake.

Na wewe? Una mtoto huko. Kama si mtoto, ni mpwa, ni jirani, ni msichana uliyemchangia ukamsahau. Yuko katika darasa ambalo hakuna mwingine anayefanana naye, na wewe tangu aende unamwuliza lini atatuma kitu na kama ameshazoea. Simu iko mkononi mwako, ndiyo hiyo unayosomea. Mpigie. Akipokea, mwulize wanamtendea vipi, kisha ufunge mdomo usikilize mpaka amalize, hata kama itakuchoma. Usiseme kesho. Piga sasa hivi.